Duka lako, ploti ya mwingine: Tassia na mashine ya kuposti

Jumatatu ya Oktoba 4, 2021, saa kumi na mbili na nusu jioni ikiwa imepita kidogo, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote. Zilikaa hivyo kwa takriban saa sita. Kule California ilikuwa asubuhi, watu ndio wanaingia kazini. Huku Tassia, mtaa wa Embakasi jijini Nairobi, ilikuwa saa ya soko. Ndio wakati matatu zinashusha watu kwenye barabara ya Outer Ring, wapangaji wanapanda ngazi za ghorofa na mifuko ya sukuma na mkate, na simu zinatoka mifukoni. Muuzaji wa viatu, wa wigi, wa keki za oda, wa mtungi wa gesi unaoletwa hadi mlangoni, wote hutegemea saa hiyo. Na jioni ile ilidhihirika kwamba skrini tatu walizokuwa wakizitegemea zilikuwa za kampuni moja.

Tangu hapo ushauri kwa wafanyabiashara wadogo umekuwa uleule: usikae mtandao mmoja, sambaza bidhaa zako kila mahali. Ni ushauri mzuri, ila kila mahali kuna kazi yake, na siku ya muuzaji haikuongezwa saa hata moja TikTok ilipoingia. Ndipo ikaja mashine ya kuposti: programu inayopokea picha na maelezo mara moja tu, kisha ikavipeleka yenyewe Facebook, Instagram, TikTok na kwingineko kwa saa uliyopanga, hata kama saa hiyo wewe uko soko la Gikomba unachagua mzigo.

Naiunga mkono mashine hii. Mwenye kibanda anaihitaji kuliko kampuni yenye idara ya matangazo, kwa kuwa kampuni ina watu wanaolipwa kuposti na yeye ana mikono miwili. Lakini jinsi ninavyosikia ikisifiwa mtaani, kuna jambo linalorukwa kila mara. Malango yote inayopitia yana wenyewe, na wenyewe hao wameshayafunga, wakayapandishia bei au kuyabadilishia masharti bila kumuuliza muuzaji yeyote wa Embakasi. Anayetaka kuitumia inafaa ajue hilo kabla hajaweka biashara yake yote juu yake.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Kiatu kimoja cha mitumba, cha kike, cheusi, namba 39. Kimeoshwa, kimepigwa brashi, kimewekwa juu ya kiti cha plastiki karibu na dirisha, maana ghorofa za Tassia zimebanana na mwanga wa kupigia picha hauingii ndani kutwa nzima. Zinapigwa picha nne. Kwenye ukurasa wa Facebook unaandika maelezo marefu: bei, namba, duka liko wapi, uchukuzi unalipwa na nani. Instagram inataka picha iliyosimama wima, kwa hiyo unaikata upya, na ukibandika kiungo kwenye maelezo hakibonyezeki. TikTok inataka video, kiatu kigeuzwe mkononi, soli ionekane, tena iwe ndefu ya kujaza skrini. Kwenye status ya WhatsApp picha inatoweka baada ya saa 24, kwa hivyo kesho unarudia. Hicho ni kiatu kimoja, na gunia bado limejaa.

Halafu ujumbe unaingia. “Dada, hicho cheusi kiko?” “Kiko, karibu.” “Mwisho ngapi?” Kumbe kiatu kilishalipiwa kwa till muda mfupi uliopita na mtu aliyekiona Facebook, ila Instagram bado inakionyesha kana kwamba kiko. Ugumu huu hauwapati sana wenye maduka makubwa ya Ulaya na Marekani ambao zana hizi zilitengenezewa. Wao wana viatu mia vya aina moja. Mitumba ni kipande kimoja kimoja, na kikiuzwa kimeuzwa. Mashine inayoposti bila kujua kilichouzwa humletea mwenye duka maneno na wateja, na Tassia ni mtaa ambao mteja aliyeudhika anaishi ghorofa ya pili kutoka kwako.

Zana zenyewe si ngeni. Hootsuite ilianzishwa Vancouver, Kanada, mwaka 2008. Buffer ilianzia Uingereza mwaka 2010. Zapier, inayounganisha programu moja na nyingine ili jambo likitokea hapa jingine litokee kule, ilianza Marekani mwaka 2011. Mwaka 2019 ikaja n8n kutoka Berlin, ambayo mtu anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake mwenyewe bila kulipia. Na Facebook yenyewe ilitoa mwaka 2020 ile inayoitwa leo Meta Business Suite, ya bure, ambayo inapanga machapisho ya Facebook na Instagram kwa pamoja ilimradi akaunti ya Instagram iwe ya biashara na imeunganishwa na ukurasa wa Facebook. Kwa maduka mengi ya Tassia hiyo ya mwisho inatosha kabisa kuanzia, na ningemshauri mtu aitumie kwa miezi michache kabla ya kumlipa yeyote.

Ndani yake kazi si ya kiajabu. Kila mtandao mkubwa una lango lililowekwa kwa ajili ya programu, si kwa ajili ya watu. Mafundi huliita API. Programu inabisha hodi kwa ufunguo ambao wewe mwenye akaunti umeuruhusu. Kwa Instagram hodi ni mbili. Kwanza programu inasema picha iko kwenye anwani fulani ya intaneti, Instagram inaichukua, inaiandaa na kurudisha namba. Kisha programu inatuma namba ile na kusema: sasa ichapishe. Ndiyo sababu picha iliyo ndani ya simu tu haiwezi kupita huko. Lazima kwanza ikae mahali pa wazi mtandaoni, na iwe ya aina ya JPEG. Watu wengi wanaojaribu kujitengenezea mtambo huu hukwama hapo, wakadhani wamefungiwa akaunti.

TikTok ina sharti gumu zaidi. Programu ambayo haijakaguliwa na TikTok yenyewe inaweza kupeleka video, lakini video hiyo itaonekana na mwenye akaunti peke yake. Kijana aliyejenga mtambo wake nyumbani ataona kila kitu kimeandikwa “imefaulu”, lakini mteja hataiona video hiyo. Hilo ni pigo kubwa hapa kwetu, kwa maana ripoti ya habari za kidijitali ya Reuters Institute ya mwaka 2023 iliikuta Kenya ikiongoza kwa matumizi ya TikTok miongoni mwa nchi zilizochunguzwa: asilimia 54 ya waliohojiwa waliitumia kwa jambo lolote lile, na asilimia 29 kwa habari. Kwa hiyo kwa TikTok, tumia ratiba iliyo ndani ya TikTok Studio kwenye kompyuta, au zana ambayo tayari imepita ukaguzi.

Kuna mitego midogo ambayo hakuna anayekutajia. Saa ni mmojawapo. Zana nyingi zimetoka Marekani, na ukiiacha saa yake ikiwa ya Los Angeles, chapisho ulilolipangia saa moja jioni, wakati wa kiangazi cha huko, litatoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Mwingine ni alama ya TikTok. Februari 2021 Instagram ilitangaza kwamba haitazisukuma mbele video fupi zinazoonekana wazi kuwa zimetolewa programu nyingine, kwa hivyo video iliyopakuliwa TikTok ikiwa na nembo yake na kurushwa Instagram itabaki pembeni. Hifadhi video safi kwanza, kabla haijagusa mtandao wowote.

Mtego unaoumiza zaidi ni ufunguo kuisha muda. Ruhusa ya muda mrefu ambayo Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, huipa programu kwa niaba ya mtumiaji hudumu siku 60 hivi, kisha inakufa isipohuishwa. Ukibadilisha nenosiri inakufa siku hiyo hiyo. Mara nyingi haipigi kelele. Foleni inaendelea kujazwa, machapisho hayatoki, na mwenye duka anakuja kugundua baada ya wiki mbili kwamba ukimya wa wateja haukuwa wa hali ngumu ya uchumi.

Sasa nirudi kwa wenye malango, na hapa watu wa Tassia hawahitaji kufundishwa na mtu. Ardhi ya mtaa huu ilikuwa ya hazina ya uzeeni, NSSF. Watu waliingia, wakajenga, na hatimaye ploti zikauzwa kwa waliokuwa wakiishi juu yake. Mwaka 2013 na 2014 mradi wa kuweka barabara na mabomba Tassia II, uliokadiriwa kugharimu takriban Sh5 bilioni, ulizua mzozo mkubwa hadi ukafika bungeni, na wenye ploti walikuwa wakisikia mambo yao kwenye taarifa ya habari. Na pale makutano ya Outer Ring na North Airport Road, mwendo mfupi kutoka hapa, Septemba 2018 matingatinga yaliangusha Taj Mall, jengo lililokuwa limejaa maduka, kwa madai kwamba lilikaa kwenye ardhi ya barabara. Mfanyabiashara aliyekuwa amekodi humo hakuwa na kosa lolote. Kodi alikuwa amelipa. Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa la mtu mwingine juu ya ardhi ya mtu mwingine, na rafu zake ndizo zilizotoka nje. Ukurasa wa Facebook ni duka la aina hiyo.

Mwaka 2023 yalifungwa malango mawili mfululizo. Hootsuite, ambayo vijana wengi walijifunzia kazi ya kuendesha kurasa kwa kuwa ilikuwa na kiwango cha bure, iliondoa bure hiyo mwishoni mwa Machi. Miezi hiyo hiyo Twitter, ikiwa mikononi mwa Elon Musk, ilitangaza kwamba lango lake halitakuwa la bure tena kama zamani. Anayetaka kuchapisha kwa programu akabakiziwa kiwango chembamba, na kilichofuata kikawa dola 100 kwa mwezi. Kwa thamani ya shilingi wakati huo hizo zilikuwa kama Sh13,000. Kufikia Januari 2024, dola moja ilipokaribia Sh160, zilikuwa Sh16,000. Hiyo ni kodi ya nyumba Tassia. Haiwezekani mtu anayeuza viatu vya mia nane alipe kodi ya nyumba ya pili ili tu programu yake iruhusiwe kusema “mzigo mpya umefika”.

Inafaa pia tujue kwa nini malango yamekuwa membamba, kwa sababu Nairobi imo katika kisa hicho. Februari 2018 Twitter ilikataza programu kuchapisha maneno yaleyale kwa wakati mmoja kwenye akaunti nyingi, baada ya dunia kuona jinsi akaunti bandia zilivyotumika katika siasa. Hapa kwetu, Septemba 2021, watafiti Odanga Madung na Brian Obilo walitoa ripoti kupitia shirika la Mozilla kuhusu kampeni za kulipwa za kuchafulia watu majina na kusukuma hashitegi wakati wa mjadala wa BBI, mpango wa kurekebisha katiba. Walieleza jinsi watu walivyopangwa kwenye vikundi vya WhatsApp, wakapewa maneno ya kuandika na saa ya kuyaandika, kwa malipo ya kati ya dola 10 na 15 kwa kampeni. Twitter iliondoa zaidi ya akaunti 100 baada ya utafiti huo.

Kumbuka kwamba wengi wa hao hawakuwa roboti. Walikuwa vijana wa kawaida wenye bando, wakifanya kwa vidole kile ambacho mashine hufanya. Lakini mitandao haiangalii vidole. Inaangalia maneno yanayofanana, saa zinazofanana na akaunti nyingi. Muuzaji mwaminifu mwenye akaunti tatu za duka moja, anayerusha tangazo lilelile dakika ileile, anaonekana kama wao. Ndiyo maana hata ukitumia mashine, andika maelezo tofauti kwa kila mtandao na acha nafasi kati ya chapisho moja na jingine. Si adabu tu, ni kujilinda.

WhatsApp nayo inataka sura yake, kwa kuwa Tassia biashara huonekana TikTok lakini huishia WhatsApp. Huko ndiko bei inapunguzwa, eneo linatumwa, mpanda boda anaagizwa. Na huko ndiko hakuna lango rasmi la kuwekea status kwa programu. Zana zinazoahidi kufanya hivyo, au kutuma tangazo kwa watu elfu moja kwa kubonyeza mara moja, nyingi hujifanya ni wewe uliyefungua WhatsApp kwenye kompyuta. Kampuni hiyo ilionya kwamba kuanzia Desemba 7, 2019 ingewachukulia hatua hata za kisheria wanaotuma ujumbe kwa wingi au kwa mashine kinyume cha masharti yake. Lakini adhabu inayomfikia mtu wa kawaida si ya mahakamani. Ni namba kufungiwa.

Fikiria uzito wa hilo. Namba ya simu Tassia imechorwa kwa rangi ukutani juu ya mlango wa duka, imeandikwa kwenye mfuko wa keki, imebandikwa kwenye ngazi za ghorofa kumi. Watu wameihifadhi kwenye simu zao. Ikifungiwa WhatsApp, mtu analazimika kuanza upya kumtafuta kila mteja, na hakuna dirisha la kwenda kulalamika. Kwa hiyo hapa msimamo wangu ni mkali kuliko kwingine kote: usiiguse WhatsApp kwa mashine ya pembeni. WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, ina salamu za kujituma zenyewe, majibu ya haraka, na katalogi ya bidhaa. Kuna pia orodha ya matangazo ya watu 256, inayowafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Ni ndogo, ni ya polepole, lakini kila aliyemo humo alichagua kukujua.

Sheria nayo imeanza kuuma. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini Casa Vera Lounge, klabu ya Ngong Road, Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Siku zizo hizo Roma School ya Uthiru ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Sheria inayotumika ni ya mwaka 2019. Sasa hesabu saluni, vinyozi, shule za chekechea na vyuo vidogo vilivyoko kati ya Tassia, Fedha na Pipeline ambavyo tangazo lao kuu ni uso wa mteja au wa mtoto. Picha iliyowekwa kwa mkono iko mahali pamoja. Picha iliyopita kwenye mashine iko mahali patano kabla ya mwenye uso kufika nyumbani, na akikuomba uitoe, lazima uitoe kotekote. Ruhusa iombwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa WhatsApp, na jibu lihifadhiwe.

Upande wa pili wa sheria una kisa cha kutia moyo. Mwishoni mwa Mei 2025 polisi walimkamata Rose Njeri, mtaalamu wa programu, aliyekuwa ametengeneza tovuti ya kuwarahisishia Wakenya kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha wa 2025. Alishtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta. Juni 20 mahakama ikatupilia mbali shtaka hilo kwa kuwa halikuonyesha kosa linaloeleweka. Mtambo wa kutuma ujumbe wa mwananchi haukuwa uhalifu kwa kule tu kuwa mtambo. Nadhani kila kijana wa Eastlands anayejifunza kazi hii anafaa kukijua kisa hicho, ajue pia kwamba dada huyo alilala korokoroni kabla mahakama haijasema hivyo.

Na kuna siku ambazo mashine inapaswa kunyamaza. Jumanne ya Juni 25, 2024, waandamanaji walipoingia bungeni na watu wakauawa kwa risasi, intaneti ikayumba nchini, na simu za Nairobi zikajaa majina ya waliokuwa wakitafutwa na jamaa zao. Foleni iliyopangwa Jumapili haijui habari hizo. Itatoa “Ofa! Ofa!” saa moja jioni kama ilivyoagizwa, chini ya jina la duka lako, mbele ya jirani ambaye mtoto wake hajarudi. Kabla hujajifunza kitu kingine chochote kwenye zana hizi, jifunze mahali kilipo kitufe cha kusimamisha foleni nzima, na mtu wa pili dukani akijue. Sioni sharti lililo muhimu zaidi ya hilo.

Wakati mwingine kutojua kwa mashine kunasaidia. Ijumaa ya Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa JKIA, ambao ndege zake tunazisikia juu ya paa kila siku, ulikaa gizani kwa muda. Chapisho lililopangwa mapema, isipokuwa kama mtambo uko kwenye kompyuta yako mwenyewe, halitegemei stima ya Embakasi, kwa kuwa seva zinazolituma ziko nchi nyingine. Kwa mtaa wetu ambapo taa huondoka bila kuaga, faida hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtu apange wiki yake Jumapili mchana, mwanga ukiwa mzuri na wifi ya ploti ikiwa haijazidiwa.

Ninachokitaka kwa muuzaji wa Tassia, basi, ni kwamba mashine ianzie kwake. Afungue jedwali moja la Google Sheets. Kila bidhaa mstari wake: picha iko wapi, bei, namba, maelezo ya Facebook, maelezo mafupi ya Instagram, tarehe ya kutoka, na mwishoni safu moja ya kuandika “imeuzwa”. Zapier au n8n husoma jedwali hilo, huchukua mstari ambao siku yake imefika na ambao safu ya mwisho iko tupu, na kuupeleka. Kiatu kikilipiwa kwa till, neno moja linaandikwa kwenye simu na kiatu hakitoki tena. Hapo tatizo la kipande kimoja cha mitumba limepata dawa yake. Siku Instagram ikibadilisha masharti, au X, ile iliyokuwa Twitter, ikipandisha bei tena, bomba moja linakatwa na jedwali linabaki zima, likisubiri bomba jingine.

Mtu wa kuyafanya haya anapatikana mtaani. Tangu mpango wa Ajira Digital uanze mwaka 2016, vijana wamekuwa wakifundishwa kazi za mtandaoni, wengi wakiwazia wateja wa ng’ambo. Nadhani mteja mwingine yuko ghorofa ya chini. Kijana mmoja mwenye laptop anaweza kuendesha foleni za maduka kumi ya jirani, kila duka likilipa kidogo kwa mwezi, na akawafaa kuliko wakala wa Westlands asiyejua kwamba wateja wa hapa hununua zaidi baada ya mshahara na huuliza bei kwanza.

Ila makubaliano yawekwe mapema. Mwenye duka asimpe kijana nenosiri. Meta inaruhusu kumwongeza mtu kwenye ukurasa na kumpa kazi ya kuchapisha tu, huku umiliki ukibaki kwa mwenye duka, na siku kijana akihamia Kitengela anaondolewa kwa dakika moja. Biashara ambayo ukurasa wake ulifunguliwa kwa namba ya shemeji aliyekwenda Qatar inajua gharama ya kutofanya hivyo. Jedwali nalo liwe kwenye akaunti ya mwenye duka. Na kwa kuwa hata Google ni ya wenyewe, apakue nakala yake na picha zote kwenye memori kadi kila mwezi, siku anayolipa kodi.